Bili Humfuata Mtu

Miaka kumi na moja alifua mashuka ya hoteli ile, na hata alipopandishwa kukaa mapokezi watu hawakuacha kumwita Dobi. Hakuudhika. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, vidole vimechunika kwa sabuni, lakini jicho lake halikupitwa na kitu. Doa la wino alilijua, doa la chai alilijua. Bili za wageni ndizo zilikuwa ngeni kwake.

Meneja alimpa miezi mitatu ya majaribio. "Ukiweza, kiti ni chako," alimwambia. "Ukishindwa, beseni lako lipo palepale, hakuna aliyeliiba."

Meneja alicheka. Dobi hakucheka. Kifua kilikwisha kuanza kumbana kwa mvuke na dawa za kufulia, na tabibu alimwambia atafute kazi nyingine kabla kifua hakijamtafutia kitanda. Mumewe seremala alilijua hilo. Wifi yake, aliyekaa nao nyumba moja, alilijua pia, ila mdomo wake haukujua kunyamaza.

"Mpisheni wifi yangu apite," alikuwa akisema kila asubuhi. "Mtu wa ofisini huyo, msimchafulie kola."

"Mwache mke wangu," mume alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye randa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma ya meza ya mapokezi palikuwa na kabati la vishubaka ishirini, kila kimoja na namba ya chumba. Chumba mgeni alikilipia siku ya kuingia. Yaliyofuata yote yaliandikwa kwenye vikaratasi: amekula, kikaratasi, amefuliwa nguo, kikaratasi, amekunywa soda, kikaratasi. Vyote vilitumbukizwa kwenye kishubaka cha chumba chake. Siku ya kuondoka, mtu wa mapokezi alivitoa, akavijumlisha, akaandika bili, mgeni akatia sahihi na kulipa. Wenzake walimsukumia mgeni karatasi kama hakimu anayetoa hukumu. Dobi alimsomea mstari mmoja mmoja, tarehe na kitu, hata foleni ikinuna.

Zilibaki siku sita majaribio yaishe. Jumatano hiyo heita ya maji ya chumba namba tisa iliharibika, na ndani alikuwamo mzee mmoja mpima ardhi, aliyetoka bafuni anatetemeka, povu masikioni. Dobi alimwomba radhi mara tatu. Akamhamishia kumi na nne, akambebea begi mwenyewe, akabadilisha ufunguo, akaandika kwenye daftari la wageni. Alijiona amefanya kila kitu. Vikaratasi vya mzee vya siku tatu vikabaki kwenye kishubaka cha tisa, wala hakuna aliyevikumbuka.

Jioni fundi alitengeneza heita, na chumba akapewa mwanamke muuza viatu vya jumla, ambaye bili yake hulipwa na kampuni. Alhamisi alfajiri mpima ardhi akaondoka. Mwenzake Dobi aliyekuwa zamu alichungulia kishubaka cha kumi na nne, akakuta chai moja tu, akampokelea hela ya chai, akamtakia safari njema.

Ijumaa saa nne muuza viatu akashuka na masanduku yake.

"Usinisomee, mwanangu," alisema. "Gari linaningoja. Kampuni ndiyo inayolipa, mimi nipe kalamu."

Dobi alimpa kalamu na bili iliyoandikwa na zamu ya usiku, lakini macho yalikuwa yameshaanza kusoma yenyewe. Chakula cha mchana, Jumatatu. Chakula cha usiku, Jumatatu. Mashati matatu, Jumanne. Mwanamke huyu aliingia Jumatano. Hapo Dobi akaona mashati ya nani, na kosa la nani. 

Yule mwenzake wa zamu, aliyekuwa anahesabu funguo pembeni, naye alichungulia akaelewa. Akamnong'oneza bila kugeuza shingo.

"Funika kombe mwanaharamu apite. Mwenyewe hataki kusikia. Kampuni ina hela. Siku nne zimebaki, shoga. Nne."

Ilikuwa kweli. Kalamu ilikwisha kugusa karatasi. Dobi aliliona beseni, akausikia na ule mvuke kooni. Kisha akamtazama mwanamke yule, na kilichomjia ni mhasibu wa kampuni yake, anamwita na kumuuliza alikulaje chakula cha Jumatatu hotelini kabla hajafika. Akaweka kiganja juu ya bili.

"Mama, usitie sahihi. Hii si yako. Nimekosea mimi."

Muuza viatu akavaa miwani, akasoma. "Mashati matatu ya kiume?" Akacheka mpaka akaegemea meza. "Karatasi hii ingefika kwa mume wangu, ungekuja wewe kunitetea."

Akaandikiwa bili mpya, fupi, akaenda zake. Dobi alikusanya vikaratasi vya mzee, akapanda ngazi hadi ofisini kwa meneja bila kusubiri kuitwa. Mhasibu wa hoteli naye alikuwepo. Dobi alieleza yote akiwa amesimama, tangu heita mpaka kalamu, na hakulitaja jina la yeyote ila lake.

"Mwanamke alikuwa anatia sahihi," meneja alisema taratibu. "Kwa nini ulimzuia?"

"Angelipishwa asichokula."

 Meneja alitafuta namba ya mpima ardhi kwenye fomu ya wageni, akampa Dobi simu apige mwenyewe. Mzee alipokea kwa furaha.

"Nilishangaa bili ilivyokuwa nyepesi," alisema. "Nikadhani mmenionea huruma kwa yale maji ya barafu."

"Maji tunakuomba radhi, mzee wangu. Chakula tunakuomba hela."

Mzee akaangua kicheko, akatuma pesa kwa simu saa ileile. Yote, ila ya shati moja, ambalo alisema lilirudi halina vifungo viwili. Dobi aliahidi kuilipa mwenyewe mwisho wa mwezi.

"Kosa moja haliachi mke, meneja," mhasibu alisema.

"Na la pili?"

"La pili halitakuja," Dobi alisema, akashangaa sauti imemtoka. "Mgeni akihama, vikaratasi vihame kwanza, ndipo begi. Na asipewe ufunguo mpya mpaka atie sahihi kwamba vimehama. Bili humfuata mtu, haifuati chumba."

Mhasibu akavua miwani. "Miaka yote hiyo," alisema, "na hatukuwahi kuliandika hilo popote."

Meneja alimwambia aliandike yeye, kwa mkono wake, libandikwe kwenye kabati. Jumanne akamwita, akampa mkataba wa mwaka mzima wa mapokezi, na hela ya shati akasema ibaki hivyohivyo, Dobi ailipe, ili asisahau.

Jioni Dobi alimsimulia mumewe uani. Wifi alisikiliza mkono kiunoni.

"Yaani umekiri kosa, ukapewa kiti? Mimi nilipokiri kwangu nilipewa talaka."

"Ulikiri kabla hujakamatwa, au baada?" Dobi aliuliza.

Mume akashindwa kujizuia kucheka. Wifi akavuta kigoda.

"Hebu anza tena," alisema. "Heita iliharibika saa ngapi?"