Kuku Ndani ya Kinasa Sauti

Ijumaa iliyopita tulimzika dada yangu Somoe. Jana niliona vifaranga uani, nikamkumbuka utotoni kwetu Mtawanya.

Mchana mmoja lori la korosho lilimgonga kuku wake, akafa. Vifaranga walilia tu, wakikataa chenga za mchele. Mgeni aliyechunguza namna ndege wanavyoitana alikuwa amerekodi sauti ya kuku huyo asubuhi hiyo. Akawasha kinasa sauti, kikanuka betri zilizopata moto. "Ko, ko, ko!" Vifaranga wakakikimbilia.

"Mjomba, mfungulie mama yao," Somoe alisihi. Nami niliamini yumo.

Mgeni akafungua, tukaona utepe tu. Jioni akaondoka nacho.

Somoe akachuchumaa penye chenga. "Ko, ko, ko."

Nikamcheka. "Kuku gani ana meno!"

"Nyamaza wewe," alininong'oneza. "Wanangu wanakula."