Nilimshikisha Kaka Yangu Kamba Ili Nikasomee Saikolojia

Admin, jina langu lifiche, la kaka yangu nimeshalibadilisha mwenyewe. Nawasalimu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, kwetu ni Adu, huku Magarini, wazazi wangu ni wakulima. Mtakaosoma haya mkataka kunitukana, nitukaneni tu, sitajibu.

Tangu nikiwa darasa la saba nataka kuwa mwanasaikolojia, na sababu ni kaka yangu, nimwite Karisa. Alikuwa Watamu akitengeneza tuktuk, akaanza kusikia sauti, akarudishwa nyumbani akiwa anampiga kila anayemkaribia. Wazee wakasema afungwe. Alifungwa kamba kwenye nguzo ya jikoni miezi mitatu, mpaka shangazi alipokuja akampeleka kliniki Malindi akaanzishiwa dawa. Akatulia. Akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli pale senta, akachumbia msichana anaitwa Dama. Dama alijua kwamba Karisa aliwahi kuugua. Ya kamba hakuyajua, na sisi nyumbani tulikubaliana hayatatajwa kamwe.

Nilipomaliza kidato cha nne, serikali ilinipangia ualimu. Nikamuuliza mwalimu wangu, akaniambia njia iliyonyooka ni digrii ya saikolojia, kisha uzamili, kisha kufanya kazi chini ya msimamizi ndipo usajiliwe. Ukianzia ualimu unaweza kufika, lakini huenda ukarudishwa kusoma masomo ya msingi upya. Chuo kimoja cha binafsi kikanipa nafasi ya saikolojia. Karo yake hatuna. Ndipo nikasikia kuna wafadhili wanawahoji wanafunzi kwenye hoteli moja Bofa.

Tulikuwa wengi. Nilikaa karibu na mlango, nikawa nasikia wenzangu wakisema baba alikufa, tulilala njaa, na wale watatu mezani wanaandika bila kuinua vichwa. Zamu yangu ilipofika niliona nikisema napenda kusaidia watu nitatoka kama nilivyoingia. Nikasema ya kamba. Nikaeleza nilivyokuwa nikimsukumia sahani kwa ukuni, alivyokuwa akijisaidia palepale, na kwamba siku moja alilifungua fundo na ni mimi niliyekimbia kumwita baba aje amfunge tena. Mama mmoja pale mezani akalia. Nilipoona analia, nikaongeza.

"Tunaweza kuja kumwona?" akaniuliza.

"Mnaweza," nikasema. Sikusema ngojeni kwanza nimuulize.

Nyumbani nilimwambia Karisa kuna wageni wanakuja kuona kazi za vijana. Alifurahi, akafagia kibanda, akavaa shati lake la kanisani. Walipofika wakapiga picha baiskeli kidogo, kisha mpiga video akanivuta pembeni. "Alifungwa wapi? Na ile kamba bado mnayo?"

Nikawaongoza hadi nyumbani, Karisa akifuata nyuma. Kamba ile haikuwepo. Nikamfungulia mbuzi, nikaja na kamba yake.

Karisa alipoiona alielewa. Alinitazama, nami nikamwambia, "Kaka, ni dakika mbili tu, ni kwa ajili ya masomo yangu." Akaketi chini penye ile nguzo ya jikoni na lile shati lake jeupe la kanisani, akajizungushia kamba mkononi, akaniuliza, "Nishike hivi?"

"Hivyo hivyo," nikamjibu.

Ufadhili nikapata. Video nayo ikasambaa Magarini yote. Baba yake Dama alikuja na wazee wawili, akasema binti yake haolewi na mtu wa kufungwa kama mnyama. Dama mwenyewe hakuja, na simu hapokei. Pale senta kuna watu wazima, wenye watoto wao, Karisa akipita wanalia kama mbuzi. Amekifunga kibanda. Dawa anameza, lakini mimi alikuwa haniongeleshi.

Nilipomlilia mama, aliniambia, "Unalia nini sasa? La Karisa limeshaharibika. Nenda ukasome, usiharibu na lako." Karisa alikuwa nje ya mlango, akasikia.

Juzi wafadhili wamepiga simu. Kuna sherehe hukohuko Bofa, wanataka Karisa asimame nami mbele ya watu aseme maneno mawili. Nikauliza, je, asipokuja? Yule mama aliyelia siku ile akanijibu kwa upole kabisa, "Binti yangu, waliochangia wamechangia kwa sababu yake. Wewe hawakujui."

Kutwa nzima nilimzunguka Karisa bila kuthubutu. Mwishowe nikamwambia, tena nikasema akikataa nitaelewa. Nilisema hivyo nikijua hajawahi kuninyima kitu tangu nizaliwe. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua uso.

"Nitakuja," akasema. "Niambie tu wanataka niwe nimepona au niwe bado mgonjwa."

Na mimi, kabla sijaona aibu, nilifurahi. Moyo wangu uliruka kwa furaha kwamba amekubali. Hilo ndilo linaloninyima raha, kwa sababu mtu wa kazi ninayoitaka hapaswi kuwa na moyo wa namna hiyo.

Ijumaa ndiyo mwisho wa kuthibitisha nafasi. Nikishika saikolojia, lazima nimpeleke Bofa. Nikiachia, nasomea ualimu na kuanza safari ndefu ambayo huenda isinifikishe. Mwalimu wangu anasema kuacha ni ujinga, kwamba Dama harudi hata nikiacha. Huenda ni kweli. Lakini kila nikifungua fomu ile mkono unakataa.

Mliosomea mambo haya, na zaidi nyinyi mliowahi kuugua mkafungwa na watu wenu, nielekezeni nishike njia ipi. Msinionee huruma. Leo ni siku ya tatu tangu Karisa aniulize lile swali, na tukikutana uani ananitazama kama anayengoja jibu.