Rosine na chachu ya tangawizi

Rosine alifungua chupa, akanusa. Povu hakuna. Palipokuwa na ukali wa tangawizi iliyochacha, sasa palinuka dawa ya maji.

"Falone, hii chachu uliilisha na maji gani?"

Falone, wifi yake mdogo, ndiye aliyebaki na nyumba Rosine alipokwenda matangani Kabalo. "Maji ya ziwa, yaya, dada yangu. Ile yenye watu wa kolera wanatia dawa pale ufukoni. Niliomba waongeze kidogo, ikuwe safi kabisa."

"Ukaiua na usafi wako."

Hakugomba zaidi. Msimu ule wa kipindupindu hakuna mtu wa mtaa wao wa Kalemie aliyekunywa maji ya ziwa bila dawa, naye Rosine asingekubali. Lakini dawa haichagui: inaua vijidudu vya ugonjwa, inaua na vile vinavyoipa tangawizi povu. Chachu ile ilitoka Mpala kwa mama mkwe wake, Godelieve, naye Godelieve alikwishafariki. Hapakuwa na mtu wa kuombwa nyingine. Na Papa Valère wa bandarini alikwisha kuagiza kinywaji cha ndoa ya binti yake.

"Tia chachu ya mukate," Falone alisema. "Nani atajua?"

"Mimi. Siuzishi mukate ya kunywa."

Akaanza upya. Alichemsha maji yaleyale ya dawa, akayaacha yapoe katika sufuria pana mpaka harufu ikaisha. Akamenya tangawizi, akaikuna, akatia sukari, akawa anakoroga asubuhi na jioni. Maji yalilala kama ya kuoshea vyombo. Akamwaga, akarudia. Safari hii ikaota ukungu. Akamwaga tena.

Alikuwa ameshika kisu, anamenya kwa mara nyingine, alipomkumbuka Godelieve akikuna tangawizi na ganda lake. Siku zile Rosine alidhani ni uvivu wa uzee. Kwa kinywaji cha kuuza yeye alimenya daima, maana wateja hawapendi maganda, na chachu iliyokomaa haikuona tofauti. Iliyo changa ingepata wapi vijidudu vya povu, kama si kwenye lile ganda alilokuwa akitupa?

Akarudi sokoni, akachagua tangawizi mbichi zenye udongo bado. Akazisuuza, akazikuna na maganda yake.

"Leo tutakunywa shamba," Falone alisema.

"Utaanza wewe."

Akaendelea kukoroga na kulisha, mpaka asubuhi moja kifuniko kikatoa pumzi na povu likapanda shingo ya chupa. Falone aliitwa aje kuangalia.

Papa Valère alikuja kuonja kabla ya ndoa. Akanywa, akakunja uso.

"Hii si ile ya siku zote. Hii inauma."

"Ile ilikuwa ya Mama Godelieve, Papa. Hii ndo ya kwangu."

Akanywa tena, taratibu, akamaliza kikombe. "Basi, ujaze bidoni zote."

Rosine aliilisha chachu kwanza, ndipo akavuta madumu.