Safu ya Nne, Baada ya Mvua

Kabla sijayaona makaburi, nilisikia sururu. Majani yalikuwa yamenipita kichwa, na nyuma yake chuma kiligonga udongo mkavu, kikapumzika, kikagonga tena. Nilifuata mlio huo hadi nikamkuta Masunga, mchimbaji, amezama hadi kifuani.

"Mwangaluka," nikamsalimu.

"Mwangaluka. Wewe ndiye karani mpya? Shika koleo basi, kalamu haichimbi."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, kwenye makaburi ya mji wa Bariadi. Bwana Afya, bosi wangu wa kwanza, alinikabidhi rejesta, daftari kubwa la majina na namba za makaburi. "Safu zinyooke kama matuta ya pamba," aliniambia. "Na mfiwa akifika, usimzungushe."

Wasukuma wengi huzika nyumbani, palepale kwenye kaya ya marehemu. Kwetu waliletwa wale ambao kifo kiliwakuta kazini: walimu, madereva, wapima pamba. Ukisimama getini uliona paa la kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba, na msimu ukifika, nyuzi nyeupe zilipeperuka zikatua juu ya misalaba. Upande wa pili yalikuwapo maduka makuukuu yenye baraza pana. Jeneza likipita, wenye maduka walirudisha milango nusu. Wengi wao walikuwa Waislamu, na makaburini walikuwa na sehemu yao. Kaburi la Mwislamu lina mwanandani, nafasi ya pembeni chini kabisa anapolazwa maiti, na Masunga, Mkatoliki, aliichonga vizuri hadi mashehe wakawa wanamuulizia kwa jina.

Udongo wetu ni wa mbuga, mweusi. Ukikauka hupasuka, ukilowa huvimba. Kila masika misalaba ya mbao ililala, nasi tukairudisha. Kazi hiyo tuliiita kunyoosha. Mwaka mmoja, kwa haraka ya kufyeka, niling'oa misalaba yote ya safu ya nne nikailaza kando. Mvua ikashuka siku tatu, matuta yakasawazika. Nilihesabu kwa rejesta mara tatu, nikapata hesabu tatu. Wengi niliwatambua kwa mawe ya ndugu zao. Wawili walinishinda: mpima pamba wa kijiji cha Lingeka, aliyezikwa mjini kwa sababu mto ulijaa na gari halikupita, na jirani yake, dereva asiyewahi kuuliziwa na mtu. Nikaisimika misalaba yao kwa kukisia. Nikanyamaza.

Mjane wa mpima pamba, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, alikuja kila mwaka baada ya mavuno. Aliketi penye msalaba, akazungumza na mumewe hadi jua likageuka. Ulipobaki mwezi mmoja nistaafu, alikuja na fundi, saruji na vigae.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

"Mwadila, baba. Leo namjengea mzee."

Ningeweza kukaa kimya. Saruji ingefunika kosa langu, nami ningekwenda nyumbani na jina safi. Lakini nilipomwona fundi akitandaza kamba, niliona ninamjengea mama huyu uongo wa kudumu. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimezungumza na nani?"

"Huenda ni yeye, mayu. Huenda ni dereva."

"Dereva!" Akapiga makofi. "Nimemweleza mpaka ng'ombe wa mahari ya binti yangu! Mwanaume wa watu analijua zizi langu lote!"

Masunga akacheka. Mama akamtazama, kicheko kikamkauka.

"Twende ofisini," akaniambia.

Sasa nalima mpunga Ngulyati, na vijana wa idara hunipigia simu kuuliza nani amelala wapi. Pale ninapokumbuka, nawaambia kwa furaha, nikinusa tena majani yaliyofyekwa. Nisipokumbuka, nawaambia sijui. Neno hilo jepesi nililiandika mara moja tu katika utumishi wangu wote, siku ile ofisini, mama yule akiwa amenisimamia.

"Andika kwamba hujui," alisema. "Na wanangu wakija, waoneshwe makaburi yote mawili. Asiwachagulie mtu."

Niliandika. Alisoma akifuata kwa kidole, neno kwa neno. Hakusema amenisamehe. Kupitia dirishani alimwambia fundi arudishe vigae mkokotenini, akajifunga kitenge upya, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa aliyepata usingizi.