Madirisha ya Nasari ya Kapseret

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja huko Kapseret, miaka ile watu walipokuwa wakichanga kununua mashamba ya wazungu waliokuwa wakiondoka. Kanisa letu lilipata kona ya shamba moja, na mimi, fundi mwashi kijana, nikapewa kazi ya kujenga darasa la nasari, la watoto wasiofika umri wa kwenda shule. Nilijenga haraka. Miguu yangu haijawahi kupenda kukaa mahali pamoja, na kazi nyingine ilikuwa ikiningoja mjini Moi's Bridge.

Watoto waliingia siku ya kwanza, na kabla sala ya asubuhi haijaisha walikuwa wakilia wote. Chebet, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alitoka mbio akimwita mama yake, wengine wakamfuata. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Mzee Kariuki, mwenyekiti wa kamati, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii nyumba tutie mahindi tu. Mahindi hayalii."

Watu walicheka. Mwalimu Tabitha hakucheka. Ni yeye aliyeomba nasari hiyo, kwa sababu akina mama walikuwa wakienda kulima na kuwaacha watoto wamefungiwa nyumbani, moto ukiwa bado jikoni. Alinigeukia.

"Fundi, piga magoti."

Nikavua kofia, nikapiga magoti, nikafumba macho.

"Nani amekuambia uombe? Fungua macho! Sasa tembea hivyo hivyo, uniambie unaona nini."

Nilitembea kwa magoti kutoka mlangoni hadi ubaoni, huku Mzee Kariuki akicheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Kulia ukuta, kushoto ukuta, na juu kabisa kipande cha mbingu. Nilikuwa nimeweka madirisha kama ya ghala, jinsi nilivyozoea kwenye mashamba ya wazungu, yakianzia begani pa mtu mzima.

"Naona ukuta tu, Mwalimu."

"Na watoto pia. Mama akishatoka hapo mlangoni, kwao amepotea."

Nilitaka kumwambia kwamba angalau ukuta wenyewe ulikuwa umenyooka. Na kweli ulikuwa umenyooka, hilo nitalisema hata leo. Badala yake nilimwomba Mzee Kariuki siku chache za kurekebisha.

"Jumatatu," akanung'unika. "Ama mahindi."

Niliubomoa ukuta niliojisifia, nikashusha madirisha, nikipima kila moja nikiwa nimepiga magoti. Wa Moi's Bridge walitafuta fundi mwingine.

Jumatatu Chebet aliingia akivuta kamasi. Akaenda dirishani, akaweka kidevu kwenye ukingo wake wa chini, akamwona mama yake akipalilia shamba la pembeni. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akakaa, akauliza uji uko wapi. Mzee Kariuki akavaa kofia yake, akaenda kutafuta mahali pengine pa mahindi.

Mwanangu, sasa nimepita arobaini, nimezunguka miji mingi na kazi nyingi nimezisahau. Hiyo sijaisahau. Ukitumwa kumfanyia mtu jambo, shuka kwanza mpaka kimo chake, utazame kutoka pale. Na ukiona kazi yako haimfai, usione haya kuibomoa mwenyewe, hata kama imenyooka.

Mungu abariki mikono yako, na popote utakapopita, watu wafurahi kwamba ulifika kwao.