Mwenye Kinu Afungulia Maji

Kila aliposikia nyimbo za Wabaptisti, mwenye kinu cha maji alijipangusa unga mikononi na kunguruma: "Maji yangu ni ya kusagia, si ya kuoshea dhambi!" Uamsho wa dini ulipolikumba bonde lao la Wales, watu walifurika mtoni wakiimba, lakini kiangazi kilikuwa kimekausha mto. Gwenllian, mkewe, alisimama kati ya waliongoja ubatizo, maji yakimfika vifundoni. Ghafla kinu kikanyamaza. Mumewe alikuwa amemwona, akafungua lango la bwawa la kinu! Maji yakashuka mtoni kwa kishindo, umati ukashangilia, naye akaja mbio, mweupe kwa unga.

"Mchungaji, na mimi!"

"Baba Olwen, vua viatu basi!" Gwenllian alicheka huku akilia.

Hakuvua. Alijitosa, maji yakageuka maziwa.