Magunia ya Bwana Afya

Mimi Crispin ni bwana afya, mzaliwa wa Singida niliyepangiwa kazi Kasulu mwaka 2013. Kazi yangu ni kukagua nyumba za watu, na sina simile. Hata kwenye ghorofa letu la watumishi, ni mimi niliyebandika tangazo: ngazi ya nyuma ni ya kutokea moto ukizuka, marufuku kuweka kitu. Dereva mmoja aliacha baiskeli pale, nikamfokea mbele ya mkewe.

Maharage yalipovunwa yakashuka bei, nikanunua magunia saba, nikisubiri yapande. Ndani hayakuenea. Nikayapanga kwenye ngazi ile ile, mimi huyo huyo! Tena kwa kuogopa wezi, nikaandika jina langu kwa wino mwekundu kwenye kila gunia.

Jumamosi moja asubuhi, jiko la mafuta la jirani wa chini lililipuka, moshi ukajaa ngazi ya mbele. Mimi nilikuwa kwa kinyozi. Nilipofika mbio, Mwalimu Philomena wa juu alikuwa amekwama nyuma ya magunia pamoja na mama yake, bibi wa Munanila asiyejua kusoma. Tukayavuta moja moja, jina langu likipita mikononi mwa majirani.

Bibi akatoka akikohoa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu. Mwenye magunia haya angetuua."

Philomena alikuwa ananitazama. Nikaitikia, "Amina."